Papa Salumu Alivyofungua Mirathi Yake Akiwa Hai

Ninyi mliobaki grefe, ofisi yetu ya makarani, mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nadhani mlitaka sheria. Sheria mnazo kabatini, na mchwa bado hawajafika kwenye kitabu cha tatu. Mimi nitawaandikia yale yasiyomo kabatini: watu walioketi kwenye benchi letu wakigombania nyumba ya mtu waliyemzika juzi, na mzee mmoja aliyekuja kugombanisha watu wake kabla hajafa. Huyo atachukua kurasa nyingi kuliko wenzake. Nimestaafu, naandika ninachotaka.

Jina langu mnalijua, lakini karatasi hutembea, basi nilitaje kwa ajili ya mgeni. Mimi ni Anjelani Likoke, mzaliwa wa Mangobo, karani wa mahakama ya amani hapa Kisangani, yaani grefié. Watu waliniita Mama Grefié mpaka wajukuu wangu wakadhani ni jina la ubatizo. Kazi yangu ilikuwa kupokea mashitaka, kuandika maneno ya watu mbele ya hakimu, kutunza majalada na kugonga muhuri. Hakimu hufika, huhamishwa, husahau. Karani hubaki hapo hapo na mambo ya watu, na hukutana nao sokoni.

Nilianza siku ya Jumatatu nikiwa na viatu vipya vilivyonibana. Mkubwa wangu, Papa Botamba, alikuwa Mlokele mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Hakunisalimu. Aliangalia miguu yangu, akasema, "Vua. Hapa tunatembea sana." Nilivua, nikashinda peku nikitafuta jalada ambalo, jioni, lilikutwa chini ya sufuria ya mlinzi.

Siku ya pili alinikabidhi vyombo: bunda la kamba, rula ya chuma, na mashine ya kupiga chapa. "Iko na herufi zote ila H," alisema. "Ukitaka H, andika na mukono." Nilisahau. Kwenye hukumu yangu ya kwanza mtoto wa marehemu, Hassani, akawa Assani. Baada ya mwezi baba yake mdogo alirudi na karatasi hiyo, ameinyoosha vizuri ndani ya gazeti, akisema ukoo wao hauna mtu anayeitwa Assani, kwa hiyo nyumba ni yake yeye. Tulihitaji vikao vitatu kurudisha herufi moja. Tangu siku hiyo nilikuwa sili mchana kabla sijajaza H zote kwa kalamu.

Papa Botamba hakuwa malaika. Alilala baada ya saa saba akiwa amekaa wima, na muhuri aliufunga kwenye leso ndani ya mfuko wa suruali. Kumwomba muhuri ilikuwa kama kumwomba jino. Lakini alikuwa na mbinu zake. Mara moja walikuja watu kumi na mmoja, wote wakidai ni warithi wa mfanyabiashara mmoja wa mtoni. Aliandika majina yote taratibu, bila kubisha. Kisha akageuza ukurasa.

"Bon," alisema. "Marehemu ameacha pia mama yake. Haoni, na iko peke yake kule Lubunga. Nani anamuchukua kwake? Naandika pia majina."

Mmoja alikumbuka mbuzi wake. Mwingine alikumbuka kwamba mtumbwi wa kuvuka unaondoka. Wakabaki wanne.

"Tutaanza na hawa," alisema Papa Botamba.

Nilimuuliza kama sheria inaruhusu. Alifuta miwani, akajibu, "Hairuhusu. Haikatazi pia." Kisha akalala.

Jinsi nilivyochukua nafasi yake haina hadithi. Kiti kilikuwa kile kile, na mguu mmoja ulikuwa mfupi. Leso ya muhuri aliniachia siku aliyoondoka, na niliifua mara mbili kabla ya kuitumia.

Basi nifike kwa Papa Salumu.

Asubuhi moja, miaka mitatu kabla sijastaafu, aliingia mzee mwenye kofia nyeupe iliyofumwa kwa mkono. Alikuwa amebeba kiti cha kukunja. Alikifungua mbele ya meza yangu, akaketi, benchi hakuliangalia.

"Papa, benchi iko," nilimwambia.

"Naijua ile benchi. Ni mimi niliitengeneza, na mbao ilikuwa mbichi."

Nilimuuliza amekuja kwa shauri gani.

"Nataka kufungua succession."

"Pole sana, papa. Nani amekufa?"

"Bado. Ni mimi."

Niliweka kalamu chini. Nilimweleza kwamba mirathi hufunguka mwenye mali akifa, si kabla. Alinisikiliza kwa adabu kabisa, kama mtu anayesikiliza bei ambayo hataitoa.

"Mama Grefié, nimekaa kwenye matanga mingi," alisema. "Watu wanagombana vizuri sana, wanasema mambo ya ukweli, na mwenye mali tu njo hayuko. Kwa nini mimi nikose?"

Aliniambia habari zake. Alikuwa seremala wa Kabondo, ana miaka sabini na saba, mke wake amefariki. Alikuwa na nyumba, karakana yenye mashine ya kupasua mbao, na kiwanja kikubwa ng'ambo ya mto, Lubunga. Watoto ni Djuma na Zainabu. Tena kuna mdogo wake, Amisi, anayekaa kwenye kile kiwanja cha Lubunga. Aliwataka wote hapa ofisini.

Nilimwambia kuna njia iliyonyooka: mtu akitaka kugawa mali angali hai, anakwenda kwa notère, mthibitishaji wa hati, anaandikisha zawadi, basi. Familia wanaweza kukutana nyumbani.

"Nyumbani Djuma hatakuya. Andika barua na uweke kashe. Kashe itamuleta."

Sasa, vijana, kile nilichoandika kilikuwa mwaliko, si wito wa mahakama. Maneno yake yalikuwa wazi kabisa kwa mtu anayesoma maneno. Lakini ni kweli muhuri niliugonga mkubwa, na katikati.

Walikuja wote. Chumba cha hakimu kilikuwa na watu, nikawaweka kwenye chumba cha majalada. Djuma alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, mfanyabiashara wa mchele na mafuta ya mawese kwenye barabara ya Banalia, na alikuja na faili ya plastiki yenye vishikizo. Zainabu, mdogo wake, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyekaa na baba. Amisi, ambaye wote walimwita Tonton, yaani ami, alifika wa mwisho, suruali imelowa mpaka magotini kwa sababu ya mtumbwi.

Papa Salumu alifungua kiti chake. "Semeni," alisema. "Fanyeni kama siko."

Djuma alisimama. "Mama Grefié, marehemu aliniambia toka zamani..." Akajirudi. "Pardon. Papa aliniambia toka zamani karakana ni yangu."

"Endelea tu," alisema Papa Salumu. "Marehemu anasikia."

Djuma aliendelea. Akasema yeye ni mtoto wa kwanza, kazi ya kugawa mali ya marehemu, pardon, ya papa, itakuwa yake, na kwa dini yao mtoto mwanamume huchukua mara mbili ya dada yake.

"Dini inagawanya vitu ya mufu," alisema Papa Salumu. "Mimi niko hapa nashika kiti yangu."

Tonton Amisi akauliza ni nani aliyepanda michikichi yote ya Lubunga. Djuma akauliza ni nani anayekula mawese yake. Walipandisha sauti, na majalada ya juu yakaanza kumwaga vumbi. Papa Salumu aligeuza uso kushoto na kulia kama mtu anayetazama mpira. Katikati ya ugomvi aliuliza, "Na saa yangu ya mukono? Hakuna anayeitaka?" Waliendelea na michikichi, na nilimwona ameumia kidogo.

Zainabu ndiye aliyekuwa hajasema neno. Mwishowe aliinuka, akashika mkoba wake. "Mimi sigawanyi mutu muzima. Papa, twende nyumbani. Lituma inapoa kwa sahani."

Nilifikiri labda kodi zitawatuliza. Kodi hutuliza watu wengi. Niliwaeleza kwamba kwa njia yoyote ile, mali ikipewa au ikirithiwa, jina kwenye hati ya kiwanja lazima libadilishwe, na serikali inachukua sehemu yake: malipo ya zawadi ni mengine, ya mirathi ni mengine, na mpimaji wa viwanja hatembei bure. Djuma alitoa simu, akaanza kupiga hesabu.

Papa Salumu alimsubiri. "Alors? Nikiwa mufu ao nikiwa muzima, wapi ni bei nzuri?"

"Inategemea, papa," alijibu Djuma bila kuinua macho. Kisha akainua macho.

Tonton Amisi alicheka mpaka akakohoa, ikabidi nimletee maji. Hata Zainabu alifunika mdomo. Kikao kikavunjika hivyo, kila mtu akaondoka na hasira yake, ila imepungua.

Lakini mzee hakuondoka. Nilipokuwa nafunga dirisha, niliona bado ameketi, mikono yote miwili imeshika kiti.

"Haikutimia," alisema. "Kuna mutu mumoja hakukuya."

"Nani, papa?"

"Mutoto yangu ya kwanza."

Nilirudi kuketi. Alinisimulia bila kupamba, akiangalia rafu. Alipokuwa na miaka ishirini na kitu alitumwa kuweka milango kwenye jengo moja karibu na maporomoko ya maji, kwa Wagenia. Hapo alikutana na Helena, binti wa mvuvi. Baba yake Salumu alikataa msichana Mkristo. Baba yake Helena alikataa seremala asiyejua kuogelea. Mtoto alizaliwa, akaitwa Pascal, akabaki kwa mama yake. Salumu akaozeshwa, akawapata Djuma na Zainabu. Helena hakuwahi kuomba kitu, na alikuwa amekwisha kufariki. Pascal alikuwa mvuvi pale pale kwenye maporomoko.

"Kila Jumamosi namukuta sokoni," alisema Papa Salumu. "Nanunua samaki kwake. Yeye anajua. Mimi najua kama anajua. Tunaongea bei ya samaki."

"Miaka yote hiyo?"

"Bei inabadilika, maneno hayakosekani."

Kisha akaniambia kinachomtisha. Akifa, Pascal atakuja kwenye matanga, kwa kuwa ni mtu wa adabu, na Djuma atamfukuza kama mwongo mbele ya watu. Na kwa dini yao, mtoto aliyezaliwa hivyo hamrithi baba. "Lakini kupewa, anaweza kupewa. Njo maana nataka kupana nikiwa na macho."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tangu siku ya kwanza, badala ya kunichezesha na mambo ya marehemu aliye hai.

"Nilitaka kwanza munione kama mutu wa kucheka," alisema. "Mutu wa kucheka wanamusamehe mbio."

Nilimweleza sheria inavyokwenda. Zawadi peke yake wangeipinga. Kwanza aende komini, kwenye etasivil, ofisi ya kuandikisha watoto, amtambue Pascal kwa maandishi. Pascal akishaandikwa, ni mtoto kama wengine. Na kuna jambo moja tena: siku baba akifa bila kumtaja mtu, mkubwa wa warithi ndiye anayesimamia kugawa mali.

"Pascal ana miaka mingapi, papa?"

"Hamusini na tano."

Djuma alikuwa na hamsini na miwili. Nilitoa mikate yangu ya asubuhi, nikampa mmoja, tukala.

Kikao cha pili Papa Salumu hakuwaambia watu wake sababu. Pascal alifika wa kwanza kabisa, mwanamume mpana, shati limepigwa pasi, mkononi ana kitambulisho na risiti za kodi ya mtumbwi wake. Alinisalimu, akabaki amesimama.

"Mama, kama ni mambo ya mitego ya samaki, ile mitego si yangu peke yangu. Ni ya familia mingi."

Muhuri, mnaona. Nilimwambia hashitakiwi na mtu. Hakuniamini, akashika risiti zake vizuri zaidi.

Wengine walipokwisha kuingia, Papa Salumu aliinuka. Alichukua kiti chake, akakiweka nyuma ya Pascal, akamshika bega akamketisha. Yeye mwenyewe akabaki wima.

"Huyu ni Pascal," alisema. "Ni mutoto yangu. Njo mukubwa yenu."

  Zainabu ndiye aliyeongea kwanza, polepole, kama mtu anayehesabu vyombo baada ya wageni.

"Donc, samaki ya Jumamosi..."

"Ni yeye," alisema baba yake.

"Njo maana ulikuwa unakataa ninunue kwa mutu mwengine."

"Samaki yake ni nzuri pia."

Djuma alikuwa hamwangalii Pascal. Alimwangalia Tonton Amisi, aliyekuwa anachunguza dari kwa makini sana. "Tonton. Ulijua?"

"Nilikuwa kijana," alisema Tonton Amisi. "Waliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Kisha hakuna mutu aliyeniambia niache."

Ndipo Djuma akamgeukia Pascal. "Na wewe unataka nini?"

Pascal alifikiri. "Mimi niliitwa na kashe," alisema. "Ninataka nini, sijui. Hakuna mutu aliniulizaka."

Djuma alifunga vishikizo vya faili yake kimoja kimoja, akatoka. Zainabu alibaki, akamuuliza Pascal kama ana watoto. Alikuwa na watano. Alitaka majina yao, akayaandika nyuma ya daftari la wanafunzi wake.

Baada ya wiki moja Djuma aliniletea karatasi iliyoandikwa na mwanasheria. Ilisema baba yake amepoteza akili, kwa hiyo mahakama izuie kutambua mtoto na kutoa zawadi yoyote. Alisimama mbele ya meza yangu akisubiri nione aibu kwa niaba yake, lakini nami nilikuwa na kazi. Najua kuna mmoja wenu atakayeuliza kama nilitamani ile karatasi ipotee. Nilitamani sana. Mahali pa kuipotezea nilipajua vizuri kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Niliipa namba, nikaifunga kwa kamba, nikaipeleka. Mkiweza kufanya hivyo kwa karatasi msiyoipenda, kazi mtaiweza. Mengine ni H.

Hakimu wa wakati ule alikuwa kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka magharibi. Alijua Kifaransa na Lingala, Kiswahili chake kilikuwa cha miezi mitatu, na alitaka mimi nimtafsirie. Chumba kilijaa. Mambo ya baba anayeshitakiwa wazimu na mtoto wake huvuta watu kuliko wizi.

Hakimu alianza taratibu. Alimuuliza Papa Salumu leo ni siku gani.

"Alhamisi," alisema mzee. "Ilipashwa kuwa Jumanne, lakini Jumanne hamukukuya."

Nilitafsiri neno la kwanza. Hakimu aliniangalia, akatabasamu kidogo, nikajua kwamba miezi mitatu inatosha kuelewa mengi.

Akamuuliza jina la mbao za mlango wa chumba kile. Mzee alizitaja, akasema tena ni nani aliyeziweka, na kwamba bawaba ya chini imekaa vibaya. Watu wakaangalia mlango. Bawaba ya chini ilikuwa imekaa vibaya.

"Una watoto wangapi?" aliuliza hakimu.

Papa Salumu alivua kofia. Sikumwona akiivua kabla ya hapo.

"Tatu," alisema. Nilianza kutafsiri, lakini alikuwa hajamaliza. "Hii swali waliniulizaka mara mingi. Komini waliniuliza, hospitali, watu ya kuhesabu watu. Kila mara nilisema mbili. Siku zile njo nilikuwa mugonjwa ya kichwa. Leo nimepona, na mutoto yangu ananileta kwa tribunal."

Nilifungua mdomo nitafsiri. Hakimu aliinua mkono, akasema haina haja, amesikia. Djuma alikuwa ameinamisha kichwa, anafungua na kufunga kishikizo cha faili. Maombi yake yalikataliwa siku hiyo hiyo, naye hakukata rufani.

Pascal akaandikwa. Nilikwenda nao komini mwenyewe kuhakikisha jina limeandikwa sawasawa, maana herufi nazijua tabia zake. Kisha wakaenda kwa notère. Karakana ikawa ya Djuma na nyumba ikawa ya Zainabu. Kiwanja cha Lubunga mzee alitaka kumpa Pascal, na Tonton Amisi abaki na michikichi yake maisha yake yote. Pascal akakataa.

"Mimi na jembe hatujuani," alisema. "Jina linatosha. Ila, papa, nyumba yangu iko na bati kwa mulango. Kama unaweza, nitengenezee mulango."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita papa, na alikuwa anaomba kazi ya fundi.

Mimi ndiye niliyewashauri kile kiwanja kiandikwe kwa majina ya watoto wote watatu, ili mmoja asiweze kuuza wala kujenga bila kuwapigia simu wawili. Wengine wangeita ushauri huo hekima. Zainabu aliniambia uso kwa uso kwamba ni uchokozi, na hakukosea.

Mlango ulikuwa na tatizo. Karakana ilikuwa tayari ya Djuma kwa maandishi, na Papa Salumu, aliyeijenga, alilazimika kwenda kuomba ruhusa ya kufanya kazi humo. Nadhani alifurahia kuomba. Djuma hakusema ndiyo wala hapana. Alisogeza magunia ya mchele aliyokuwa ameanza kuyaweka juu ya meza ya kazi. Mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka, mashine hakuthubutu kuigusa tena, akatumia msumeno wa mkono. Ubao mrefu ulihitaji mtu wa kushika upande wa pili. Siku mbili za kwanza Djuma alikuwa na shughuli mjini. Siku ya tatu alishika.

Kazi ile ilichukua wiki sita. Nilipita mara moja, nikawakuta wanabishana kuhusu kitasa. Mambo ya mahakamani hayakutajwa, wala sikusikia mtu akimwomba mwenzake msamaha. Mlango ulipokwisha waliufunga juu ya toleka, ile baiskeli ya abiria, mwendeshaji akasukuma na Djuma akatembea nyuma akiushikilia, kutoka Kabondo mpaka kwenye maporomoko, mji mzima ukiwaangalia. Walipofika ulikuwa mpana kuliko nafasi yake kwa vidole viwili. Papa Salumu alitaka kuukata. Pascal alisema mlango hauguswi. Akachukua panga, akakata nyumba.

Nilistaafu mwaka huu. Walinipa saa ya ukutani na hotuba, na saa inatembea vizuri. Wiki tatu baadaye nilisikia Papa Salumu amefariki, njiani akitoka msikitini, akiwa na miaka themanini. Nilikwenda kwenye matanga Kabondo kama watu wengine, bila kalamu.

Chini ya turubai walipanga viti vya plastiki, safu ya wafiwa ikiangalia watu. Wageni waliofika walikwenda moja kwa moja kwa Djuma, aliyejulikana mjini, na kila mara Djuma aliwaelekeza kwa kidole. "Anzeni kule. Mukubwa njo ule." Kwenye kiti cha kwanza alikuwa Pascal, amevaa shati lake la pasi, anapokea mikono kwa wasiwasi kama mtu aliyekalia kiti cha mwingine. Zainabu alifuata baada ya Djuma, kisha Tonton Amisi. Mimi nikapewa kiti mwisho wa safu yao, kwa heshima.

Ugomvi ulikuwa umekwisha kuanza, msiwe na hofu. Pascal, kwa kuwa ndiye mkubwa, alipaswa kusimamia vitu vilivyobaki, lakini Kifaransa cha karatasi hakukijua. Djuma alisoma, Pascal akaweka sahihi, na kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake kabisa, karatasi zililala kwenye mkoba wa Zainabu. Nilimsikia Djuma akilalamika kwamba kaka yake anaweka sahihi polepole makusudi. Nilifurahi. Ndugu wasiojuana hawalalamikiani namna hiyo.

Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, aliingia mzee mmoja mwenye mvi, ana begi dogo na kofia mkononi, nguo zimekunjika kwa safari. Alisimama mbele ya safu, akatusalimu wote kwa pamoja. Mimi nilimwangalia paji la uso tu: lilikuwa la Papa Salumu. Zainabu pia, maana alinyoosha mkono mbele ya Tonton Amisi, akanishika.

"Natafuta familia ya Salumu, fundi ya mbao," alisema. "Natoka Barumbu. Alipokuwa kijana alifanyaka kazi kwetu. Mama yangu aliniambia siku moja nikuye nimusalimie. Nimechelewa kidogo."

 Mbele ya hakimu Papa Salumu alikuwa amesema watoto watatu, na mimi ndiye niliyeandika. Mpaka leo sijui kama alisahau, au hakujua, au alituachia kazi.

Djuma alimtazama yule mtu muda mrefu, toka viatu mpaka mvi. Nilingoja faili.

"Papa," alisema, "ulizaliwa mwaka gani?"

Mgeni akautaja.

Djuma alihesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. Kisha akamgeukia Pascal, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akimwita kama mdogo anavyomwita mkubwa wake.

"Yaya," alisema, "na wewe umeshuka."

Pascal aliinuka kwenye kiti cha kwanza. Na sisi sote, safu nzima, tukasogea kiti kimoja.